Mwalimu wa Gumbaru na Tanga la Mifuko ya Mbolea

Mtu huyu ukimsalimia asubuhi hakujibu kwanza. Alitazama moshi wa kiwanda cha chai umelalia upande gani, akaupima kwa jicho moja, ndipo akasema, "Njema. Upepo umetoka Sotik." Kama moshi umesimama wima bila kutikisika, alisema, "Njema kidogo," na siku hiyo yote ilikuwa ya kununa. Sisi wenye chai tunaangalia hewa kila saa, maana mvua ya mawe tunaiogopa kuliko tunavyomwogopa chifu. Lakini sijaona mwingine aliyepokea upepo kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni.

Tulimwita Mwalimu. Alitufundisha gumbaru, sisi watu wazima ambao shule ilitupita tukiwa malishoni. Tulikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa saa moja jioni, tukishamaliza kuchuma na kukamua, tukinuka majani na maziwa, karabai ikitupigia filimbi mezani. Lakini kabla ya ualimu alikuwa baharia. Ndiyo, baharia, huku kwetu ambako maji mengi kuliko yote ni bwawa la kiwanda, na hata bata wakilifikia wanashauriana kwanza. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika meli za mizigo, si kule juu kwenye kofia nyeupe, bali chini kabisa kwenye chumba cha injini, kupaka grisi na kupangusa mafuta. Alirudi nyumbani na koti zito la buluu, kikohozi, na wazo moja. Wazo lenyewe lilikuwa kwamba meli za mizigo zirudishiwe matanga.

"Si kuondoa injini!" alikuwa anapiga meza kabla hujapinga. "Nani amesema kuondoa? Injini ibaki. Lakini isaidiwe, ipunguze kula. Ikipunguza kula, itapunguza kutoa moshi. Kuna shida gani hapo?"

Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyemwamini. Tulimpenda, tulimletea maziwa, tulimlimia shamba akiugua, lakini kumwamini hapana. Na yeye hakutaka maziwa yetu nusu ya vile alivyotaka kitu kimoja: kabla hajafa, mtu mmoja wa mlima huu aone kwa macho yake upepo ukivuta mzigo, kisha aseme mbele ya watu, "Nimeona." Mmoja tu. Alisema hata akiwa mlevi atamkubali, mradi awe amesimama.

Usifikiri alikuwa anasema ovyo. Alikuwa na maelezo yake, na yalikuwa na mpangilio kuliko mahubiri. Alituambia mafuta ya meli kubwa si kama haya ya taa. Ni meusi, ni mazito kama lami, na yakiwa baridi hayatiririki, lazima yapashwe moto kwanza ndipo yakubali kuingia kwenye injini. Na yakiungua, moshi wake unatoka kwenye bomba ukiwa mnene hata unaweza kuutundikia kofia. "Mimi nimekaa chini ya huo moshi," alisema. "Nimeunawa usoni na sabuni, haukutoka. Sasa meli ni nyingi, zinakwenda mchana na usiku, bahari yote. Mnasikia redioni siku hizi wanasema dunia inapata joto. Mnafikiri joto linatoka jikoni kwa mama yenu?"

Halafu aligeuka kwetu. "Na ndani ya hiyo meli kuna nini? Chai. Chai ya nani? Yenu. Mnachuma vizuri, majani mawili na chipukizi, karani anawarudishia jani lenye doa, halafu chai hiyo safi inapanda gari la moshi la majini. Ninyi ndio wenye mzigo. Wenye mzigo wakinyamaza, nani atasema?"

Tuliangaliana. Hakuna kati yetu aliyewahi kuambiwa kwamba ana sauti juu ya meli. Hata juu ya karani wa majani hatukuwa nayo.

Mfano wake mzuri kuliko yote ulikuwa lori. Huku kwetu lori la majani likikwama kwenye matope, kila mtu wa kituo cha kuuzia majani anashuka kusukuma: mzee, mama, mwenye suti, mwenye mtoto mgongoni. Dereva anabaki ndani, injini inanguruma, lakini sasa inanguruma kama mtu anayeimba, si kama mtu anayelia. "Hilo ndilo tanga," alisema Mwalimu. "Upepo ni kituo kizima kimeshuka kusukuma. Na hautaomba lifti baadaye."

Alidai kwamba bandarini, nchi za mbali, aliona meli moja ya mzigo iliyofungwa tanga la chuma, linalojikunja kama mwavuli ili lisigombane na mashine za kupakulia. Alimkimbilia bosi wake wa injini kumwambia nasi tufunge. Bosi akamwambia arudi kwenye grisi yake. "Nikarudi," Mwalimu alisema, "lakini niliipaka grisi kwa hasira."

Darasa la mtu kama huyu halikuweza kuwa darasa la kawaida. Wenzetu wa gumbaru ya Sigor walianza kusoma kwa "kuku" na "kikombe". Neno la kwanza nililolisoma mimi maishani mwangu, mtu mzima mwenye ndevu na watoto, ni "shehena". La pili "mlingoti". Hesabu zetu zote zilikuwa za meli: meli ikila pipa nane kwa siku bila tanga, na pipa saba ikiwa na tanga, je, bosi wa injini ni mjinga kiasi gani? Siku moja alikuja mkaguzi wa elimu ya watu wazima, mtu mpole mwenye mkoba. Akamwomba bibi mmoja wa nyuma, mwenye kilemba, asome ubaoni. Yule bibi akasimama akasoma kwa sauti ya kanisani: "Upepo wa ubavuni ni bora kuliko upepo wa nyuma."

Mkaguzi akavua miwani. "Mwalimu," akasema polepole, "hii ni gumbaru ama ni jeshi la majini?"

"Wanasoma ama hawasomi?" Mwalimu akamuuliza.

"Wanasoma."

"Basi shusha nanga, unywe chai."

Kwake "shusha nanga" ilikuwa kaa chini. "Ng'oa nanga" ilikuwa tumemaliza, nendeni nyumbani. Mtu akikosea hesabu aliambiwa amegonga mwamba. Hata siku ya harusi ya binti yake, Chebet, alipoombwa awabariki maharusi, aliwaambia wakae kwenye mkondo wao na wasimwage mafuta ovyo. Mchungaji alisema amina kwa tahadhari.

Alitembea miguu imepanuka, kama mlima unayumba. Siku za kiangazi watu wasiomjua walidhani amelewa. Lakini mvua ikinyesha, udongo mwekundu ukawa sabuni, sisi sote wenyeji tuliozaliwa juu yake tulianguka kama magunia, mwenyekiti wa kanisa miguu juu, karani na mizani yake, na yeye peke yake alipita katikati yetu wima, mikono nyuma, akitoa pole kulia na kushoto.

Sasa usinielewe vibaya, hakuwa malaika. Mtu huyu aliyechukia moshi wa meli alivuta sigara hata ukakosa kuuona ubao ulio nyuma yake. Mke wake, Mama Chebet, mwanamke mfupi mwenye maneno machache yenye uzito wa kilo, alimwambia mbele ya darasa zima: "Meli ya kwanza kufungwa tanga ni huo mdomo wako." Tulicheka hadi karabai ikazimika. Yeye akajibu kwamba meli moja ndogo haibadilishi hali ya hewa. Mama Chebet akasema hivyo ndivyo na wale wa meli kubwa wanavyosema. Hapo Mwalimu akatupa sigara nje ya dirisha, na baada ya muda tukamwona ametoka kuitafuta.

Tena, mtu wa upepo, aliogopa upepo. Koti la buluu halikumtoka hata jua la Januari, na madirisha ya darasa aliyaziba kwa magunia ili asipigwe na baridi ya kifua. Alimjengea mkewe bomba la moshi jikoni, la kisayansi, akalipima kwa kidole kilicholowa mate kujua upepo unatokea wapi. Siku ya kuliwasha, moshi wote ulikataa kwenda nje, ukaingia chumba cha kulala ukalala.  Mama Chebet alihamishia kitanda jikoni, maana ndiko sasa kulikuwa hakuna moshi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa mzee wa kanisa ambaye shamba lake lilipakana na kituo cha majani, upande wa chini. Mzee wa kanisa alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyeweza kunyamaza kwa namna ya kukutukana. Walibishana kila siku ya kuuza majani, tukisubiri lori. Na lori la kwetu, kila mtu anajua, lilikuwa la kusubiriwa. Kuna watu walichumbiana na kuoana wakilisubiri.

"Mwalimu, wewe unataka watu warudi nyuma," mzee wa kanisa alisema. "Mungu ametupa akili ya injini, unataka tupepee na shuka?"

"Na upepo ni nani aliyetoa? Chifu?"

"Upepo ni wa mvua. Una kazi yake."

"Ukishaleta mvua unarudi mtupu. Mimi nauongezea mzigo wa kurudi nao."

"Nionyeshe basi. Hapa. Si kwa mdomo."

Hilo neno ndilo lililotuletea mambo. Kwa wiki nyingi baada ya hapo tulimwona Mwalimu akiokota mifuko ya mbolea mitupu, kila boma, hata iliyotumika kuziba paa za vibanda vya kuku. Mama Chebet aliishona kwa sindano ya magunia, akilalamika kila mshono, lakini mishono yenyewe ilikuwa ya karibu karibu, imara, ya mtu asiyejua kufanya kazi mbaya. Mlingoti ulikuwa mti wa bulugamu. Meli ilikuwa mkokoteni wetu wa kubebea majani, wenye magurudumu ya gari kuukuu. Siku ya majani ikafika, tukaupakia magunia yetu ya majani mabichi, tukauweka katikati ya uwanja wa kituo, mawe chini ya magurudumu. Mwalimu akapandisha tanga. Lilikuwa kubwa kuliko nyumba yangu, nakuapia, na lilikuwa limeandikwa jina la mbolea kila mahali, mengine yakiwa kichwa chini, hata ukisimama kulitazama ulihisi unataka kukua.

Kituo kizima kilikuwa pale, na watu wa vituo vingine walikuja. Wengine walipanda mti.

Hakuna upepo.

Hata kidogo. Moshi wa kiwanda ulisimama kama askari. Tanga lilining'inia kama nguo ya mtu aliyekonda. Mwalimu alilowesha kidole, akakiinua, akakishusha, akajaribu kingine.

"Labda hicho kidole ni cha kaskazini," mtu akapaza sauti.

"Mwalimu, tukupulizie?"

"Ngojeni," alisema. "Hata baharini huwa inatokea. Meli zilingoja."

"Sasa unaelewa kwa nini walinunua injini," mzee wa kanisa akasema, na mimi mwenyewe nilicheka, nikiwa mwanafunzi wake.

Tukangoja lori, tukangoja upepo, na vyote viwili vilikuwa vimekula njama. Ghafla upande wa Mau pakawa peusi. Si weusi wa jioni, ule mwingine, wenye tumbo la kijani, ambao mtu wa Kericho akiuona anasahau hata jina la mkewe. Mama mmoja akapiga kelele, "Mawe! Mawe yanakuja!"

Paa la kituo chetu ni la kufunika mizani na karani, basi. Sisi wengine tulifanya jambo ambalo kila mchuma chai hufanya bila kufikiri: tulimwaga majani yaliyobaki vikapuni, tukageuza vikapu, tukajivalisha kichwani mpaka mabegani, tukachuchumaa. Ikaanguka. Mimi nimesikia mvua ya mawe maisha yangu yote, lakini ile ilikuwa inaanguka na gunia lake. Kila jiwe lilikuwa kama yai la bata. Ndani ya kikapu ni giza na kelele, huoni hata magoti yako, unasikia tu jirani yako akitubu dhambi ambazo hukujua anazo. Na upepo, ee, upepo! Ulikuja wote kwa pamoja, wa leo na wa kesho.

Ilipokwisha tulivua vikapu. Uwanja ulikuwa mweupe. Ulipokuwa mkokoteni palikuwa na mawe ya kuzuia magurudumu, yamelala ubavu. Mkokoteni hakuna.

Tuliukuta ndani ya shamba la mzee wa kanisa, chini kule, katikati ya miche ya chai aliyoipanda msimu ule ule. Ulikuwa umeingia kama fahali, ukalaza mistari mizima, ukasimama. Magunia yetu yote yalikuwa juu yake, hata moja halikuanguka. Mlingoti ulikuwa wima. Tanga lilikuwa limebaki utepe utepe.

Mwalimu alikuja akikimbia, miguu imepanuka, kikapu bado kinaning'inia sikioni. Alizunguka mkokoteni. Akaushika. Akatugeukia, na sura yake sijaisahau, ilikuwa kama ya mtoto aliyeona mama yake akirudi kutoka sokoni.

"Nani ameona?" akauliza.

Watu walikung'uta vikapu vyao.

"Jamani. Watu wote hawa. Nani ameuona ukienda?"

"Mwalimu," akasema karani, "mimi nilikuwa chini ya mizani."

"Mimi niliona tumbo la kikapu changu," akasema mwingine.

Aliwauliza mmoja mmoja, hadi wale wa mtini, ambao walikuwa wameshuka mapema kuliko wote na kuingia chini ya watu. Upepo ulikuwa umevuta mzigo, mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kilikuwa kwenye vikapu.

 Mzee wa kanisa alitazama miche yake, akaenda moja kwa moja kwa wazee wa kokwet, lile baraza letu la kijiji linaloamua mambo ya mipaka, mifugo na aibu. Aliomba alipwe mtamba. Na Mwalimu alikuwa na mtamba mmoja tu, wa rangi ya kahawia, mwenye mimba yake ya kwanza, tumaini lote la Mama Chebet.

Kesi ilikuwa rahisi. Kama mkokoteni ulivutwa na tanga, basi ni kitu cha Mwalimu kilichoharibu miche, naye alipe. Kama mawe ya magurudumu yalisogezwa na mvua na mkokoteni ukateremka wenyewe, hiyo ni kazi ya Mungu, kila mtu aende nyumbani.

Sasa fikiria kesi ambayo mshtakiwa anaomba apatikane na hatia!

"Ni tanga langu," Mwalimu alisema, amesimama wima, koti limefungwa vifungo vyote. "Nakubali. Andikeni hivyo. Upepo ulishika tanga, tanga likavuta mzigo, mzigo ukaharibu miche. Nitalipa."

"Mwacheni alipe," akasema mzee wa kanisa. "Huyu mtu anasema ukweli. Nimemjua miaka mingi, siku zote anasema upepo unavuta mzigo."

"Siku zote ulikataa!" mwenyekiti wa kokwet akamkumbusha.

"Nilikuwa sijaharibiwa miche."

Basi ikawa mtu pekee aliyemwamini Mwalimu ni yule anayetaka ng'ombe wake. Nasi wanafunzi, tuliompenda, tulisimama mmoja mmoja kumtetea. Tukasema kwa ufasaha wote aliotufundisha kwamba tanga la mifuko haliwezi kuvuta kitu. Yule bibi mwenye kilemba alisema hata jani halivutiki. Mimi nilisema upepo ni kitu chepesi na mkokoteni ni kitu kizito, na kwamba Mwalimu ni mtu mzuri ila ameumizwa kichwa na bahari. Niliona nasema vizuri sana. Mwalimu alinitazama kama mtu anayechomwa na shati lake mwenyewe.

"Kaa chini," aliniambia kwa sauti ya chini. "Umegonga mwamba."

Mwisho walimwita Mama Chebet. Alisimama, akafunga leso vizuri kiunoni, akawatazama wazee.

"Mkokoteni una magurudumu," akasema. "Kituo chetu kiko kwenye mteremko. Sasa mimi nawauliza ninyi wazee wenye akili: kitu cha magurudumu kwenye mteremko kinakwenda wapi? Kinapanda juu?"

Kokwet nzima ikacheka. Hata mzee wa kanisa midomo ilimcheza. Mwenyekiti akasema maneno yameisha, ni kazi ya Mungu, Mwalimu hana hatia, kijiji kitamsaidia mzee wa kanisa kupanda tena. Tulimshangilia, tukambeba mabegani. Alikuwa juu yetu akipiga kelele, "Niteremsheni! Nina hatia! Nina hatia!"

Alirudi darasani akatufundisha wanyama wa porini. Akatufundisha sehemu za ua, na jinsi ya kujaza fomu ya mbolea. Shehena hakuitaja tena. Ulikuwa ni ufundishaji mzuri, mkaguzi aliusifu, nasi tulisinzia kama tuliopewa dawa. Yule bibi mwenye kilemba siku moja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na upepo wa ubavuni?" Akajibiwa hilo halimo kwenye mtihani. Nilifaulu mtihani huo, na cheti ninacho, lakini nakwambia, nilikumbuka meli.

Kifua kilipomzidi, walihamia Ndanai, karibu na Chebet, ambako baridi si kali. Miaka ilipita kabla sijaenda kumwona. Nilikuwa nimepeleka ndama mnadani, nikaona aibu kupita bila kugeuka.

Nilimkuta kwenye stuli uani, koti la buluu limekuwa kubwa, au yeye amekuwa mdogo. Sigara alikuwa ameacha, daktari alimnyang'anya. Nilimsalimia. Akatazama juu, akatafuta moshi, na kwa kuwa Ndanai hakuna kiwanda cha kutazama, akanijibu tu. Tuliongea juu ya bei, ya mvua, ya nani amekufa. Mama Chebet alileta chai kwenye birika, na ng'ombe wa kahawia watatu wanne walikuwa wanakula majani nyuma yake, wote uso mmoja.

"Nikuulize," Mwalimu akasema. Mama Chebet akavuta pumzi, kama mtu anayejua wimbo unaokuja. "Siku ile. Wewe kwenye kikapu chako, hata kwa tundu, hukuona kitu?"

"Sikuona, Mwalimu. Ningekuambia."

Akatikisa kichwa. Anauliza kila mgeni, nilikuja kujua. Hata wale ambao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Akakiangalia kikombe. Nikamwona jinsi alivyo mzee, na jinsi jambo lile lilivyokuwa bado limekaa pale kifuani pamoja na kikohozi.

"Mimi sikuwa na kikapu," akasema Mama Chebet.

Alikuwa anamimina chai. Hakuinua uso.

"Nini?" akasema Mwalimu.

"Changu nilimpa yule mama wa mtoto mgongoni. Mimi nilijifunika leso. Leso ni nyepesi, mtu anaona." Akaweka birika chini. "Niliuona. Ulikwenda juu."

"Juu wapi?"

"Juu, kwa barabara. Ulisukuma yale mawe kama mtu anayetoa viatu, ukapanda ule uwanja na magunia yote, pole pole, tanga limejaa. Ukafika pale lori husimama. Ndipo tanga likapasuka, ukarudi chini kwa ile miche."

Ng'ombe mmoja alikohoa. Mimi nilishika kikombe bila kunywa.

"Na kokwet," Mwalimu akasema, "kokwet uliwaambia ni mteremko."

"Mimi? Niliwauliza kitu cha magurudumu kinakwenda wapi. Niliuliza tu. Wao ndio walicheka." Akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka. "Na hao? Wangekuwa wa mzee wa kanisa, wote. Watoto wa Chebet wangesoma kwa kunywa upepo?"

Nilingoja dhoruba. Mtu aliyenyimwa shahidi miaka yote hiyo, na shahidi analala naye kitanda kimoja! Aliinuka. Akazunguka ile stuli, miguu imepanuka.  Halafu akaketi tena, karibu zaidi na mkewe, akavua kofia akaiweka magotini kama mtu aliyeingia kanisani.

"Upepo ulikuwa wa nyuma," akauliza, "ama wa ubavuni?"

"Wa ubavuni. Mimi si ndiye niliyelishona? Nilijua litashikia wapi."

"Sema tena. Mgeni hakusikia."

"Amesikia."

"Hakusikia vizuri. Sema."

Akasema tena. Mara hii mkokoteni ulipanda kwa kasi kidogo. Mara ya tatu ulifika barabarani kabisa, karani akiwa amepiga magoti chini ya mizani akiomba, na Mama Chebet mwenyewe alikuwa ameanza kucheka, leso mdomoni. Nikaona saa yangu ya kuondoka imefika, nikaaga. Sidhani walisikia. Nilipofunga lango nyuma yangu, sauti ya Mwalimu ilikuwa inasema, "Anza kule mwanzo kabisa, pale mawe yalipotoka," na ya mkewe ikijibu, "Nimekwambia, mzee. Juu. Ulikwenda juu."